Kuhakiki dodoso la maumivu ya kiungo cha taya: wagonjwa wangapi, tulinganishe na nini, na je, alfa ya 0.86 inatosha?

Mwanafunzi_Kinywa (Moshi)

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za kazi. Nasoma uzamili wa afya ya kinywa hapa Moshi. Tumetunga dodoso la Kiswahili kwa wagonjwa wa kiungo cha taya: wale ambao taya linalia, linakwama, mdomo haufunguki wote, au misuli ya kutafuna inauma. Lina maswali 24. Nane ni ya mwili (maumivu, kutafuna, kupiga mwayo), nane ya hisia (wasiwasi, huzuni, usingizi, kuhofia kwamba taya litaharibika kabisa), nane ya maisha (kazi, mlo wa familia, ndoa, gharama za matibabu). Kila swali linajibiwa 0 hadi 4, kwa hiyo jumla ya juu ni 96.

Tunapanga kupata wagonjwa kwenye kliniki za meno za hospitali za KCMC na Mawenzi (Moshi) na Mount Meru (Arusha). Majaribio ya awali kwa watu 40 yametoa alfa ya Cronbach (kipimo cha jinsi maswali yanavyokwenda pamoja) 0.86 kwa maswali yote 24. Naomba kueleweshwa: alfa hiyo inaturuhusu kusema dodoso ni halali? Tunahitaji wagonjwa wangapi? Tulinganishe na kipimo gani? Na kurudia dodoso baada ya wiki mbili ni sawa wakati mgonjwa ameshaanza dawa au ameshapewa kifaa cha kuvaa usiku?

Takwimu_Njiro (Arusha)

Marahaba, daktari. Nianze na alfa kwa sababu ndiyo inayopotosha wengi.

Alfa haipimi uhalali. Inapanda maswali yakihusiana zaidi, na inapanda pia maswali yakiwa mengi tu. Chukua maswali 24 ambayo wastani wa uhusiano kati ya swali na swali ni 0.2, yaani maswali ambayo karibu hayajuani. Alfa yake ni (24 × 0.2) ÷ (1 + 23 × 0.2) = 4.8 ÷ 5.6 = 0.86. Ni namba yako ileile. Maswali 8 yenye uhusiano huohuo yangekupa 0.67. Kwa hiyo 0.86 ya dodoso zima haikwambii kama umepima kitu kimoja, vitatu, au mchanganyiko usio na umbo. Toa alfa ya kila sehemu peke yake, weka na omega (kipimo kingine cha aina hiyohiyo) pembeni yake, kisha toa wastani wa uhusiano wa maswali ndani ya sehemu. Hapo ndipo utaona kitu.

Linalonisumbua zaidi ni hiyo jumla ya 96. Mgonjwa wa kwanza ana 26 za mwili, 4 za hisia, 6 za maisha: jumla 36. Wa pili ana 8 za mwili, 18 za hisia, 10 za maisha: jumla 36. Kwa namba hiyo wanafanana, lakini wa kwanza anahitaji kiungo na misuli vishughulikiwe, wa pili anahitaji mtu wa kuzungumza naye kuhusu usingizi na hofu kabla hujamtengenezea kifaa chochote. Mtazamo unaounganisha mwili, nafsi na jamii ulikuja ili watu hawa wawili watofautishwe. Ukizijumlisha sehemu tatu umeirudisha tofauti hiyo gizani. Toa alama tatu. Kama msimamizi anataka jumla moja kwa lazima, basi uchambuzi wa vipengele (hesabu inayoonyesha maswali yanajikusanya katika makundi gani) uonyeshe kwamba kipengele kikuu kinabeba sehemu kubwa ya tofauti kati ya wagonjwa, na sitegemei kitafanya hivyo.

Kuhusu idadi: mwongozo wa COSMIN (wa kimataifa, wa kukagua vipimo vya afya) unataka kwa uchambuzi wa vipengele angalau mara saba ya idadi ya maswali, na wasipungue 100. 7 × 24 = 168. Fomu zenye mapengo zikiwa asilimia 15, anza na 168 ÷ 0.85, yaani 198. Mimi ningelenga 220 hadi 250, kwa sababu kliniki ni tatu na utataka kuangalia angalau kama wanaume na wanawake wanajibu maswali kwa namna moja. Wagonjwa wa taya wanaofika kliniki huwa wanawake zaidi, hivyo wanaume wataisha haraka.

Majibu ya 0 hadi 4 ni ya ngazi, hayana umbali sawa kati yake. Tumia uhusiano wa polikoriki na ukadiriaji wa WLSMV, njia zilizotengenezwa kwa majibu ya ngazi. Kifurushi cha lavaan katika programu ya takwimu ya R kinafanya hivyo bure. Kabla ya kuendesha chochote tazama mgawanyo wa kila swali. Swali ambalo hakuna aliyechagua 4 litaleta seli tupu na programu itagoma au itatoa namba za ajabu. Hapo unganisha 3 na 4, na uandike kwamba umeunganisha. Vipimo vya jinsi mfano wa vipengele unavyoendana na data (CFI 0.95 na zaidi, RMSEA 0.06 na chini, SRMR 0.08 na chini) vitumie kwa tahadhari, maana kwa WLSMV huwa vinapendeza kuliko hali halisi. Soma na mabaki ya uhusiano (tofauti kati ya uhusiano uliopatikana na ule ambao mfano ulitabiri), swali kwa swali.

Kama kuna maswali uliyoyageuza ("Taya langu halinisumbui nikila"), yaondoe sasa. Yatajikusanya yenyewe na kuunda kipengele cha nne kisicho na maana yoyote ya kitabibu.

Misuli_ya_Kutafuna (Moshi)

Nakubaliana na Njiro. Upande wa kliniki, kosa kubwa huwa kwenye nani anaingia utafitini. Hapa kwetu mtu akisema taya linauma, mara nyingi chanzo ni jino: jino la mwisho lililofunikwa nusu na fizi yenye usaha, au kiini cha jino kilichooza. Dodoso likijazwa na wagonjwa hao litatoa takwimu nzuri kabisa za ugonjwa mwingine.

Tumieni vigezo vya kimataifa vya kutambua magonjwa ya kiungo cha taya, DC/TMD, vya mwaka 2014, vilivyochukua nafasi ya vile vya 1992. Vina mhimili wa kwanza wa uchunguzi wa mwili na wa pili wa hali ya nafsi na ulemavu wa maumivu. Kwa mhimili wa kwanza zingatieni haya:

- Kubonyeza: kilo 1 kwa misuli ya shavuni na ya kwenye paji la pembeni, nusu kilo juu ya ncha ya kiungo yenyewe, kwa sekunde 2. Kidole hakijui kilo 1 kwa kuzaliwa. Kila mchunguzi abonyeze mizani ndogo ya jikoni mpaka mkono uzoee, na arudie asubuhi ya kila siku ya kliniki.
- Maumivu yanayohesabiwa ni yale ambayo mgonjwa anayatambua kuwa ndiyo yanayomsumbua siku zote, ndani ya siku 30 zilizopita. Ukibonyeza kwa nguvu kila mtu ataumia, na hiyo si dalili.
- Kufungua mdomo: pima kwa rula ya milimita kutoka ncha ya jino la mbele la juu hadi la chini mara tatu: bila maumivu, mwisho wa uwezo wake, na mwisho kwa kusaidiwa na vidole vyako. Ongeza kiasi ambacho meno ya juu yanafunika ya chini. Kwa diski ya ndani ya kiungo iliyotoka mahali pake na isiyorudi, kikomo ni chini ya milimita 40 pamoja na hiyo nyongeza.
- Wasioingia: waliovunjika taya (ajali za bodaboda zinaleta wengi), uvimbe, usaha, matubwitubwi, walio kwenye mionzi ya kichwa na shingo.

Wachunguzi wakiwa wawili au watatu, wachunguze kwanza watu 10 hadi 15 walewale, kila mmoja bila kuona fomu ya mwenzake, ili mjue wanakubaliana kiasi gani kabla ya kuanza.

Kuhusu kilinganishi, hakuna kipimo kimoja cha uhakika cha mateso ya mgonjwa wa taya, kwa hiyo msitafute kimoja. Linganisheni kila sehemu na chombo chake. Sehemu ya mwili na JFLS-8, ambayo inauliza kutafuna, kumeza, kupiga mwayo, kuongea na kutabasamu kwa kipimo cha 0 hadi 10. Sehemu ya hisia na PHQ-4 au PHQ-9 na GAD-7, ambazo ni maswali mafupi ya huzuni na wasiwasi. Sehemu ya maisha na GCPS, inayotoa madaraja ya maumivu sugu, I hadi IV. PHQ-9 ya Kiswahili ipo na imeshatumika Kenya na Tanzania. Kwa JFLS na GCPS, tazameni orodha ya tafsiri ya INfORM, mtandao unaosimamia DC/TMD. Zisipokuwepo kwa Kiswahili, fuateni utaratibu wao wa kutafsiri kabla ya kuzitumia, maana kilinganishi ambacho hakieleweki hakilinganishi kitu.

Jambo moja la huku kwetu. Maji ya maeneo mengi ya Arusha yana floridi nyingi na watu wengi wana meno ya kahawia. Swali la "unapata shida kutabasamu au kucheka mbele za watu" litajibiwa ndiyo na mtu ambaye taya lake halina tatizo kubwa, ila anaficha meno. Litapanda Mount Meru na kushuka Moshi mjini, na ninyi mtadhani wagonjwa wa Arusha ni mahututi zaidi. Kila swali la uso na mdomo libebe maneno "kwa sababu ya taya", na mchunguzi aweke alama kama meno yana madoa ili muweze kulipima hilo baadaye.

Mwanafunzi_Kinywa

Nashukuru sana. La floridi hatukuliwaza kabisa, na swali hilo lipo, tena kwenye sehemu ya maisha. Nina mawili zaidi. Maswali ya chakula tuliyaandika "chakula kigumu", "chakula cha wastani", "chakula laini". Yanatosha? Na lile la kurudia baada ya wiki mbili bado linanitatiza, kwa sababu siwezi kumnyima mtu matibabu ili nipate namba nzuri.

Nasaha_Sakina (Arusha)

Daktari, "chakula kigumu" peke yake kila mtu ataweka chake. Wekeni vyakula vinavyojulikana na kila anayeishi mkoa huu, na viende kwa mpangilio wa kazi ya taya: nyama ya kuchoma au muwa juu kabisa, kisha kuku wa kienyeji, makande, ugali, na mtori mwisho kwa kisichohitaji kutafuna. Kung'ata tunda zima tumieni pera au embe. Tufaa si watu wengi wanalinunua. Halafu jihadharini na majira. Mtu aliyeacha nyama wakati wa Kwaresima, au aliyekosa hela ya nyama, atajibu "sijala" na karani ataandika 0 kana kwamba hana shida. Wekeni jibu la "sikujaribu kwa sababu nyingine", na hilo lihesabiwe pengo, lisihesabiwe sifuri. Vivyo hivyo maswali ya ndoa kwa mjane au ambaye hajaoa.

Ila kuna hatua kubwa kuliko hizo ambayo sijaiona kwenye mpango wako: kukaa na wagonjwa na kuwasikia wanavyoelewa kila swali. COSMIN inaweka hatua hii mbele ya takwimu zote, na ni sahihi. Dodoso ambalo mgonjwa hakulielewa haliokolewi na WLSMV. Fanyeni raundi mbili au tatu, wagonjwa saba hadi kumi kila raundi. Mgonjwa asome au asomewe swali, aeleze kwa maneno yake limemuuliza nini, amefikaje kwenye jibu, na alikuwa anawaza siku zipi. Rekebisheni, kisha raundi inayofuata iwe na watu wapya. Kwenye kila raundi wawepo wa mjini na wa vijijini (Rombo, Hai, Meru), wazee na vijana, na kwa upande wa Arusha wawepo ambao Kiswahili ni lugha yao ya pili, hasa Wamasai. Mwulize kila mmoja pia: nini kuhusu taya lako hatujakuuliza? Majibu ya swali hilo ndiyo yatakayowaambia kama sehemu ya maisha imekamilika.

Wataalamu nao watoe alama za umuhimu 1 hadi 4 kwa kila swali. Wakiwa wanane, swali linalopewa 3 au 4 na saba kati yao lina 0.88 (7 ÷ 8) na linapita. Likipewa na sita ni 0.75, chini ya kikomo cha 0.78, lijadiliwe upya. Msijaze jopo na madaktari wa meno watupu. Wawepo mtaalamu wa viungo, wa afya ya akili, na muuguzi wa mapokezi, kwa sababu yeye ndiye anayesikia mgonjwa akilalamika kabla hajaingia kwa daktari.

Nani anauliza pia ni kipimo. Mgonjwa akiulizwa na mtu mwenye koti jeupe, tena mkubwa kwake, atasema "namshukuru Mungu, naendelea vizuri" hata kama hajalala siku tatu. Adabu hiyo inashusha alama za hisia na za maisha, na inaacha za mwili zilivyo, kwa hiyo sehemu zitaonekana hazihusiani wakati kwa kweli zinahusiana. Aulizwe na mtu asiyemtibu, pembeni na foleni, kabla ya kumwona daktari. Kama wengine watajisomea na wengine watasomewa, andikeni ni yupi alifanya lipi.

Mirungi. Upande wa Same hadi mjini kuna wanaotafuna kwa saa nyingi mfululizo, na misuli ya taya inalemewa. Kisheria ni dawa ya kulevya, kwa hiyo likiulizwa ana kwa ana utapata "hapana" tu. Liwekeni kwenye karatasi ya tabia za kinywa pamoja na kusaga meno usingizini, kubana meno mchana, kutafuna bigijii na kung'ata kucha, mgonjwa aweke alama mwenyewe na atumbukize kwenye bahasha yenye namba ya utafiti, isiyo na jina.

Mwisho kwangu: PHQ-9 ina swali la tisa la mawazo ya kujidhuru. Ukiliuliza, lazima awepo mtu wa kumpokea mgonjwa siku hiyohiyo, na jina lake na simu yake ziwe mkononi mwa karani kabla fomu ya kwanza haijajazwa. Kliniki isiyo na mtu huyo itumie PHQ-4.

Takwimu_Njiro

Dada Nasaha amesema kweli kuhusu mahojiano, na naunga mkono yatangulie.

Sasa kurudia. Wiki mbili imezoeleka kwa sababu ni muda wa kutosha kusahau majibu na mfupi wa kutosha ugonjwa usibadilike. Maumivu ya taya hayatii utaratibu huo, na matibabu yakianza ndiyo basi. Usimnyime mtu dawa. Fanya hivi: rudia kati ya siku ya 5 na ya 10, na siku hiyo anza na swali moja: "Ukilinganisha na siku ile ulipojaza mara ya kwanza, taya lako likoje?" lenye majibu saba, kutoka "limezidi sana kuwa baya" hadi "limepona sana". Kwenye hesabu ya uthabiti waingie waliosema "lipo vilevile" tu. Kwa hiyo waite wengi kuliko unaowahitaji. COSMIN inaona 100 ni vizuri sana na 50 inakubalika. Ukitaka 60 waliotulia, waite kama 120. Wanaosubiri zamu ya kifaa cha usiku, ambao kwa sasa wamepewa ushauri na mazoezi tu, ni kundi zuri la kuanzia.

Usiruhusu dirisha hilo liangukie kati ya tarehe 15 Desemba na wiki ya kwanza ya Januari. Watu wanapanda vijijini, wanakula tofauti, simu hazipokelewi, na wanaofika kliniki Moshi wakati huo wengi ni wageni kutoka Dar.

Kipimo ni ICC (namba inayoonyesha majibu ya mara mbili yanafanana kiasi gani) ya njia mbili, kwa makubaliano kamili, na lengo ni 0.70 na kuendelea kwa kila sehemu. Kisha ugeuze iwe namba ambayo daktari anaweza kuitumia. Mfano wa kukokotoa: sehemu ya mwili ina mchepuko sanifu wa 6 na ICC ya 0.85. Kosa la kipimo ni 6 × √0.15 = 2.3. Badiliko dogo linaloaminika kwa mgonjwa mmoja ni 1.96 × √2 × 2.3 = 6.4. Maana yake, mgonjwa aliyeshuka kutoka 20 hadi 16 huwezi kudai amepata nafuu kwa dodoso hili. Ashuke alama 7. Ripoti ikikosa namba hii, kliniki haitajua cha kufanya na alama.

Dhana zako ziandike kabla ya kukusanya data, ziwe nane hadi kumi, zenye mwelekeo na ukubwa. Kwa mfano: sehemu ya mwili na JFLS-8, uhusiano 0.5 au zaidi. Sehemu ya hisia na PHQ-4, 0.5 au zaidi. Sehemu ya mwili na PHQ-4, kati ya 0.2 na 0.5. Sehemu ya mwili na milimita za kufungua mdomo, uhusiano hasi na dhaifu, kwa sababu wengi wenye maumivu ya misuli bado wanafungua mdomo wote. GCPS III na IV wawe na alama za maisha za juu kuliko I na II. Robo tatu zikitimia, umesimama vizuri. Ikishindikana ile ya mwili na PHQ-4 kwa kupanda hadi 0.7, ujue maswali yako ya mwili yamechukua sura ya huzuni, na pa kwanza pa kutazama ni swali lolote la usingizi lililoingia kwenye mwili.

Angalia pia wangapi wamepata alama ya chini kabisa au ya juu kabisa kwenye kila sehemu. Wakizidi asilimia 15 upande mmoja, sehemu hiyo haiwatofautishi tena.

Mwanafunzi_Kinywa

Nimeelewa. Swali la usingizi linaanza "Taya limekukosesha usingizi", na lipo kwenye hisia. Libaki hapo?

Misuli_ya_Kutafuna

Jinsi lilivyoandikwa ni la mwili, kwa sababu linauliza maumivu yanayomwamsha mtu. La hisia lingeuliza kulala kwa jumla: kuchelewa kupata usingizi, mawazo mengi kitandani. Wapeni wagonjwa wa mahojiano yote mawili, muone yapi yanachanganywa.

Na kibali: maadili ya chuo kwanza. Kwa kuwa mnakusanya mikoa miwili, ulizeni mapema kama mtahitaji na cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), pamoja na barua za waganga wafawidhi. Fomu ya ridhaa itaje wazi kwamba mgonjwa atapigiwa simu ndani ya siku 10. Orodha ya majina na simu ikae mbali na fomu zenye namba, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Mkibadilisha swali hata moja baada ya mahojiano, toleo jipya lirudi kwenye kamati kabla halijapigwa chapa.